Nipe Mji: Kuhusu Kupiga Picha Maua ya Mlima Mkavu

Kila nikiweka picha ya ua la porini mtandaoni, swali la kwanza huwa lilelile: "Wapi hapo?" Hakuna anayeuliza jina la ua, wala kama linanukia, wala kama lilikuwa peke yake. Watu wazima, wenye heshima zao, ambao wanaweza kubishana nami kuhusu Kezilahabi kwa aya kumi bila kuchoka, wakiona ua wanaandika maneno mawili na alama ya kuuliza.

Kwa muda mrefu nilikuwa najibu. Siku hizi sijibu, na baadhi yenu mmeshaniambia kuwa nina maringo. Basi leo nieleze. Nitaanza na picha tatu nilizopiga mwenyewe, kisha nije kwenye vitabu, kwa sababu nadhani suala hili linatuhusu sisi wasomaji wa fasihi zaidi kuliko linavyowahusu wapiga picha.

Nitakupa wilaya, kilima nitabaki nacho. Wilaya ni Same, lakini ni upande ule wa milima ya Pare Kusini ambao abiria wa basi la Arusha hauoni. Ukitoka Same mjini kwa njia ya Kisiwani, milima inakaa kulia kwako na nyika ya Mkomazi inakaa kushoto. Juu kule, kuelekea kilele cha Shengena chenye zaidi ya mita 2,400, kuna msitu, ukungu, migomba na mashamba ya tangawizi. Huku chini ni dunia nyingine. Upepo wa baharini unaachia maji yake milimani, na ukishuka huku umebaki upepo tu. Wataalamu wanaita kivuli cha mvua. Unasimama kwenye udongo mwekundu uliopasuka, midomo imekauka, na juu yako unaona wingu limekaa mlimani mchana kutwa bila kuteremka.

Humo ndimo linamoota ua ninalolizungumzia. Kitaalamu linaitwa Adenium obesum. Wauza miche wa Dar es Salaam wanaliita waridi la jangwani, ingawa si waridi kabisa. Shina lake limevimba chini kama kibuyu, kwa kuwa linaweka maji humo. Wakati wa kiangazi linapukutisha majani, unabaki mti mfupi mnene, mtupu, wa rangi ya jivu, kama kitu kilichosahauliwa na fundi. Halafu kwenye ukavu uleule, ncha za matawi zinatoa maua ya waridi yenye kingo nyekundu. Hakuna jani hata moja, ni maua tu.

Nilifikia nyumbani kwa shangazi wa rafiki yangu, mama mtu mzima ambaye pale kwao wote tulimwita Bibi. Asubuhi ya kwanza alinikuta nafunga viatu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamka na kuku, unakwenda kuchunga?"

"Nakwenda kupiga picha maua."

Akanitazama vizuri. "Maua yapi? Huku kuna maua?"

Nikamweleza umbo lake: shina nene, rangi, halina majani. "Aaah," akasema, "lile la sumu. Mbona lile hata mbuzi hawaligusi. Wazee walikuwa wanapaka utomvu wake kwenye mishale." Akarudi jikoni. Kwa Bibi, ua lilikuwa kitu cha kupanda kwenye kopo mbele ya nyumba na kukimwagia maji. Lile la kilimani lilikuwa na kazi, lilikuwa na hatari, lakini ua halikuwa. Jibu lake niliona ni la kuchekesha. Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipogundua kwamba ni jibu lilelile ambalo ushairi wetu ungenipa.

Sasa picha.

Ya kwanza niliipiga saa sita mchana, kwa pupa. Haifai. Jua la saa sita linakaa utosini, kivuli cha ua kinaanguka juu ya ua lenyewe, na rangi ya waridi inafurika. Kamera za kidijitali zina udhaifu huo: wekundu ukizidi, mishipa ya petali inapotea, unabaki na doa kama tone la rangi ya kucha. Dawa yake ni kupunguza mwanga mpaka picha ionekane ya giza kidogo, au kumwomba mtu akushikie khanga juu ya ua, au kulala mapema na kuamka mapema.

Ya pili niliipiga kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Upepo ndio adui mkubwa wa kazi hii. Ukisogea karibu na ua, mtikisiko mdogo kama pumzi unatosha kuharibu kila kitu, ndiyo maana nusu ya kazi ni kusubiri. Nililala kifudifudi, kokoto zikaniingia viwikoni. Nikapata ua moja limejaa fremu, umande haupo (huku umande ni hadithi), petali tano, koo la njano, na nyuma yake ukungu laini wa kijivu. Ni picha nzuri. Ndiyo mliyoipenda sana. Na ni picha ya uongo kidogo, kwa sababu ningeweza kuipiga kwenye chungu barazani Mikocheni na msingejua tofauti.

Ya tatu niliipiga nikiwa nimekata tamaa, narudi kunywa chai. Nilirudi nyuma hatua kama ishirini, nikachuchumaa. Mmea umekuwa mdogo, umesimama kwenye mwamba, mavi ya mbuzi mbele, kichaka cha miiba pembeni, na nyuma kabisa mgongo wa mlima wenye wingu lake. Maua yanaonekana kama vitone. Lakini picha hiyo ndiyo inayosema jambo. Inaonyesha kwamba maji yako kule, mmea uko huku, na pamoja na hayo umechanua. Ukiuondoa mlima, huna tena sababu ya kulishangaa ua.

Kumbuka hiyo picha ya tatu. Nitairudia, maana ndiyo iliyoleta balaa.

Twende kwenye vitabu, na tuanze na kitenzi. Kwa Kiswahili, maua hutungwa. Asumini hutungwa kwenye uzi mpaka ikawa koja. Shairi nalo hutungwa, na anayelitunga ni mtunzi. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anamuusia pamoja na mengine mengi ajisinge na atunge asumini, chumba kinukie. Shaaban Robert aliita kitabu chake kimoja Koja la Lugha. Ukipita mitaa ya mji mkongwe wowote wa pwani utakuta wanawake wanaojua kufunga kikuba cha rehani na asumini. Ua katika mila hii lina pua, lina kifua, lina kitanda. Kutazamwa kwa macho tu ni jambo dogo kwake.

Picha, kwa upande wake, hupigwa. Sitaki kulazimisha maana hapo, maana Kiswahili kinapiga kila kitu: simu, pasi, mswaki, soga. Lakini tofauti moja ipo na ni ya kweli. Anayetunga ameshachuma. Ua la ushairi wetu huwa limeondoka kwenye mti wake kabla ubeti wa kwanza haujaanza. Hatuulizi lilitoka kwenye udongo gani, wala lilichanua mwezi gani, wala mbuzi walilionaje.

Na likishachumwa, linageuka mtu. Kwenye taarabu ua ni yule ambaye mwimbaji hawezi kumtaja jina, kwa kuwa mumewe amekaa safu ya pili. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, jina la ua la sala za Kikatoliki linavishwa binti wa Ukerewe, na uzito wote wa usafi unaodaiwa na jina hilo unamwangukia yeye mpaka unamvunja. William Mkufya, akiandika riwaya nzito kuhusu UKIMWI, aliiita Ua la Faraja. Katika kazi zote hizi ua linafanya kazi ya ishara, na linaifanya vizuri. Sina ugomvi na Kezilahabi. Ugomvi wangu ni na sisi wasomaji tuliolelewa humo, ambao tukifika Same tunasema kama Bibi: huku kuna maua?

Kwa hiyo mtu anayetaka kuyajua maua ya nyika kwa njia ya kitabu anaangukia kwenye rafu nyingine kabisa, ya Kiingereza. Hapo anakutana na watu wawili.

Wa kwanza ni Joy Adamson. Tunamjua kwa simba wake Elsa na kitabu cha mwaka 1960, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua. Alichora mamia ya mimea ya Kenya, na mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kikampa medali ya dhahabu ya Grenfell. Michoro ile ni mizuri, sitabisha. Kila mshipa upo mahali pake. Lakini mmea umekaa kwenye karatasi nyeupe, hauna ardhi, hauna hewa. Halafu serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya kwa mavazi yao ya jadi, kazi iliyozaa kitabu The Peoples of Kenya mwaka 1967. Ukitazama michoro hiyo baada ya ile ya maua, unashtuka: mkono ni uleule. Watu nao wamewekwa mbele ya nafasi tupu, pambo kwa pambo, ushanga kwa ushanga, kama sampuli. Nadhani alijifunza kwenye maua namna ya kumtazama kiumbe bila kuona anakoishi, kisha akaitumia kwa wanadamu.

Wa pili ni Michael Blundell, mlowezi, mkulima na mwanasiasa aliyewahi kuwa Waziri wa Kilimo katika Kenya ya kikoloni. Uzeeni aliandika mwongozo wa maua ya porini ya Kenya, uliotoka mwaka 1982, kisha wa Afrika Mashariki nzima mwaka 1987. Nakala yangu niliinunua kwenye vitabu vya mtumba, jalada limeliwa na mchwa. Nitaisifia bila aibu: bila kitabu hiki nisingejua kwamba ule mpira mwekundu wa nyuzinyuzi unaotoka ardhini mvua za kwanza zikigusa udongo, kabla hata majani yake hayajatoka, unaitwa Scadoxus multiflorus. Kuna heshima katika kulipa kila ua jina lake na kueleza linaota wapi. Ni heshima ambayo utenzi haukuwa na haja nayo.

Lakini jina la kitaalamu nalo lina historia yake ya kuchuma. Milima ya Pare ni ndugu wa milima ya Usambara, zote ni sehemu ya Tao la Mashariki. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko Usambara ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, likapelekwa Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo liko kwenye madirisha ya jikoni kote Ulaya na Marekani. Wenye madirisha hayo wanaweza kulitunza miaka ishirini bila kujua kuwa Usambara ni milima ya watu wenye lugha yao na majina yao. Ua lilisafiri, jina la ofisa likasafiri nalo, mahali pakabaki nyuma.

Kwa hiyo nilikuwa na mila mbili mkononi. Moja inalitungia ua uzi na kulifanya mtu. Nyingine inalibandika kwenye karatasi nyeupe na kulifanya sampuli. Zote mbili zinaling'oa. Nikajiona mjanja: mimi nina picha ya tatu, yenye mlima na wingu na mavi ya mbuzi. Mimi nalirudisha ua nyumbani kwake. Nikaiweka mtandaoni na maelezo marefu ya kujivuna. Watu wakauliza, "Wapi hapo?" Nikawajibu kwa furaha, mpaka na njia ya kupita.

Mwaka uliofuata mjukuu wa Bibi alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa ni picha ya mwamba ninaoujua, kichaka cha miiba ninachokijua, mlima uleule. Katikati palikuwa na shimo la ukubwa wa beseni. Chini aliandika: "Kaka, lile ua lako wamelichukua."

Sina ushahidi kwamba aliyelichimba aliiona picha yangu. Kijana aliniambia gari dogo la mizigo lilionekana siku mbili kabla, basi. Lakini najua mashina ya zamani yaliyovimba vizuri yanatafutwa na wapenda bustani, kwa kuwa shina kama lile linachukua miaka mingi kunenepa, na hakuna mche wa kitalu unaoweza kulishindana haraka. Najua nilitaja njia. Na najua kwamba mgongo wa mlima ule, kwa mtu aliyezaliwa Same, ni kama sura ya jirani: hata nisingetaja neno, picha ilikuwa imeshataja.

Nilipompigia Bibi kumpa pole, alicheka. "Wamebeba sumu yao, waache waende nayo." Sikucheka.

Msifikiri ni kisa cha ua moja na mwandishi mmoja mwenye dhamiri nyepesi. Maua ya nchi kavu yana tabia ya kutokea ghafla na kwa wingi, na picha zinapenda vitu hivyo. Mwaka 2019, baada ya mvua nzuri, vilima vya Walker Canyon karibu na mji wa Lake Elsinore huko California vilifunikwa na mipopi ya rangi ya chungwa. Picha zikasambaa, watu wakaja kwa makumi ya maelfu, wakakaa juu ya maua ili wapigwe picha ndani ya maua, mpaka mamlaka za mji zikafunga njia kwa muda. Kule Afrika Kusini, kwenye milima mikavu ya Namaqualand na Richtersveld, tatizo ni baya zaidi. Mimea midogo inayohifadhi maji, mingine mikubwa kama kifundo cha kidole tu, imechimbwa na kusafirishwa kimagendo, na polisi wamekamata mamia ya maelfu ya mimea hiyo. Ndiyo maana jukwaa kama iNaturalist, ambako watu wanapandisha picha za viumbe walivyoviona, linaficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini. Picha inaonekana, ramani inavurugwa kwa makusudi.

Hapo ndipo nilipokumbuka vitendawili. Mnajua kanuni. Mtegaji anatega, wasikilizaji wanajaribu, wakishindwa mtegaji anasema, "Nipeni mji." Wanampa mji, akiupenda anakubali, ndipo anatoa jibu. Mji ni malipo ya aliyeshindwa. Mtandaoni mchezo umegeuzwa kichwa chini: anayetazama hajui ni ua gani, hajajaribu hata kubahatisha, lakini yeye ndiye anayedai mji. Na mimi mtegaji nilikuwa nautoa bure.

Nikaanza kuusoma ushairi wetu upya, kwa unyenyekevu zaidi. Nililalamika kwamba ua la taarabu halina udongo wala mwezi. Lakini mtunzi yule hakuwa mvivu wa kutazama. Alikuwa anamlinda mtu. Alijua kwamba jina likitajwa hadharani kuna nyumba itakayovunjika, kwa hiyo akasema asumini, na kila mtu ukumbini akasikia mapenzi bila kupata anwani. Hayo ndiyo maarifa ambayo mchoraji wa karatasi nyeupe na mpiga picha wa mlima wote hatukuwa nayo: kusema kitu kwa ukamilifu na bado ukakificha.

Ila sikubali kurudi kwenye asumini tu. Tukificha kila kitu tutabaki na picha ya pili, ua lililojaa fremu na ukungu nyuma, na msomaji ataendelea kudhani maua yanaota kwenye ukungu. Ukavu lazima usemwe, kwa sababu ndio habari yenyewe. Swali langu la kiuhakiki limekuwa hili: kama picha ya kweli ndiyo picha ya hatari, nani abebe ukweli?

Jibu langu ni maneno. Picha haiwezi kuuonyesha mlima bila kuutaja. Maneno yanaweza. Ninaweza kukuambia kwamba wingu limekaa juu na haliteremki, na usijue ni wingu la mlima upi. Ninaweza kukuambia saa, upepo, mbuzi, mishale ya wazee. Maelezo ya chini ya picha, ambayo wengi wetu tunayaandika kama lebo ya duka, ni utungo mfupi, na unastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote. Nimeanza kuyasoma ya wengine kwa jicho hilo. Mengi yana makosa ya aina mbili. Kuna yale ya kishairi feki, yanayoliambia ua kuwa ni jasiri, ni mpambanaji, usikate tamaa rafiki. Jamani, mmea haupambani, una akiba ya maji. Na kuna yale ya jina la Kilatini na namba za ramani, ambayo mwizi anayashukuru.

Haya ndiyo niliyoandika safari hii chini ya picha ya pili, ile ya karibu, ambayo sasa ndiyo pekee ninayoionyesha:

"Kiangazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo bado umelala. Mmea huu hauna jani hata moja. Mvua ya mwisho imepita zamani, nyingine haijulikani. Mlimani juu kuna wingu tangu jana, halijatugusa. Mwenyeji wangu haliiti ua, analiita la sumu, mbuzi wanakubaliana naye. Lilikuwepo lingine kubwa kuliko hili, hatua chache kutoka hapa. Sasa kuna shimo."

Sidai kwamba ni fasihi kubwa. Sentensi ya mwisho niliifuta mara nne nikairudisha, kwa sababu niliogopa inaomba huruma. Nimeiacha kwa kuwa shimo nalo ni sehemu ya mahali, na ndilo sehemu pekee ya mahali ninayoweza kuionyesha bila kumwongoza mtu.

Bado kuna kazi ambayo siwezi kuifanya peke yangu. Nataka kusoma shairi la Kiswahili ambalo mbuyu wa nyika unachanua usiku, kama unavyofanya kweli, ua jeupe kubwa linalofunguka jioni kwa ajili ya popo na kukutwa limenyauka asubuhi. Nataka riwaya ambayo mhusika anajua kwamba yale maua madogo ya buluu anayoyapalilia shambani yanafunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, na ujuzi huo unamfaa katika hadithi. Nataka ua ambalo halijageuka msichana. Anayejua kazi ya namna hiyo aniandikie, nitainunua.

Na kuhusu lile swali lenu. Nimepata jibu jipya. Mtu akiandika "Wapi hapo?", namjibu, "Kitendawili!" Wengine wanakasirika na kuondoka. Wengine, Mungu awabariki, wanaandika, "Tega!" Basi nawategea hiki, nimekitunga mwenyewe: tumbo la maji, kichwa cha moto, nguo hana.

Wengi wanasema mbuyu. Mmoja alisema ni mhudumu wa baa, nikamfuta. Wakishindwa nawaambia nipeni mji, kwa kanuni ya kawaida, nao wananipa. Nikiridhika nawapa jina la ua, na habari za utomvu na mishale. Mpaka sasa nimepewa Tabora, Lamu, Bukavu na Muscat. Same hajaitaja mtu.